Mgonjwa anayepewa dawa ya kupunguza mapigo ya moyo aambiwe palepale dirishani

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo ofisini. Nimeusoma ule ukurasa wenu wa afya ulioongelea presha na kwa kweli umeandikwa vizuri, chumvi imesemwa, mazoezi yamesemwa, kitambi kimesemwa, halafu mwisho kabisa mkamalizia kwamba mgonjwa ameze dawa zake kila siku, basi, nukta. Mimi nikasema hapana hapa lazima niandike, mana hapo mlipoweka nukta ndo penyewe watu wanapopotelea.

Nimekaa miaka mingi dirishani natoa dawa, sasa nimestaafu nipo zangu Ngamiani, na mwenyewe kila asubuhi nameza kidonge cha moyo, kwa hiyo hili dirisha nalijua pande zote mbili. Na hoja yangu ni moja tu. Mtu akipewa dawa ya kupunguza mapigo ya moyo aambiwe palepale itamfanyaje, kipi ni cha kawaida kitapungua chenyewe, kipi akikiona asingoje kesho, na kwamba hata imchoshe vipi asiiache ghafla. Hayo mambo hayachukui hata dakika tano kuyasema, na watu hawaambiwi.

Dawa zenyewe ni zile wataalamu wanaziita beta-bloka. Kwenye boksi utazijua haraka, majina yake karibu yote yanaishia na herufi l-o-l, sisi huku tunatamka atenololi, propranololi, bisoprololi, metoprololi, kavediloli. Wengine wanapewa kwa ajili ya presha, wengine moyo umetanuka na kushindwa kusukuma damu vizuri, wengine waliwahi kupata shambulio la moyo, wengine moyo unakwenda mbio ovyo, na propranololi wanapewa hadi wenye goita iliyochachamaa na wenye kipandauso. Ukielewa inavyofanya kazi hayo maudhi yake yote yanajieleza yenyewe. Ukishtuka au ukigombana na mtu au ukipanda ngazi mwili unamwaga adrenalini, inakwenda kushika kwenye moyo na kuuambia piga haraka piga kwa nguvu. Sasa beta-bloka inakuwa imeshawahi siti kama abiria wa daladala, adrenalini ikifika inakuta pamekaliwa, inabaki imesimama mlangoni. Moyo unatulia, unapiga taratibu, unatumia hewa kidogo, presha inashuka. Mskoti mmoja James Black ndo aliyetuletea propranololi miaka ya 60 na mwaka 1988 wakampa Nobel, na kwa watu waliookolewa na kile kidonge mimi naona haki yake.

Ila hizo siti haziko kwenye moyo peke yake. Ziko kwenye mapafu, ziko kwenye mishipa ya damu inayokwenda mikononi na miguuni, ziko hata kwenye misuli inayotetemeka mtu akiwa na hofu. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini, mlenga shabaha, pale Olimpiki ya Beijing 2008 alinyang'anywa medali zake mbili baada ya kukutwa na propranololi mwilini, sababu mkono wa aliyemeza dawa hii hautetemeki akishika bastola. Sasa kama kidonge kinafika mpaka kwenye kidole cha mlenga shabaha, mama mtu mzima wa Pongwe akilalamika vidole vinakuwa vya baridi kwa nini tunamwona anadeka?

Niseme kwanza uchovu, mana ndo malalamiko namba moja. Mtu anaanza dawa, wiki ya kwanza anajisikia kama ametwishwa gunia, akipanda kilima kidogo miguu inakataa, akiamka haraka kitandani kichwa kinazunguka. Ukweli ni kwamba moyo wake umezoea miaka yote kwenda mbio na sasa umewekewa breki, hata akikimbia mapigo hayapandi kama zamani. Kwa wengi hali hii inapungua wiki mbili tatu mwili ukishazoea. Wataalamu waliwahi kukusanya tafiti 15 zenye wagonjwa zaidi ya 35,000, zikatolewa mwaka 2002, wakakuta uchovu unaoletwa na dawa yenyewe ukilinganisha na kidonge kisicho na dawa ndani ni kama watu 18 wa ziada katika kila 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo upo, hautoki hewani, ila si kwamba kila anayemeza atalegea, na wengine uchovu wao unatoka kwenye ugonjwa wenyewe, au upungufu wa damu, au hawalali. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wakishasikia tu "dawa inalegeza" wanaikimbia kabla hata haijawalegeza.

Kizunguzungu cha kuamka dawa yake ni kuamka kwa hatua, ukae kwanza pembeni ya kitanda upumue, halafu ndo usimame. Na jifunzeni kuhesabu mapigo jamani, haihitaji mashine. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, unatazama saa, unahesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida ana 60 mpaka 100. Aliye kwenye dawa hizi akiwa na 55 na anajisikia vizuri wala asitishike, ndo kazi ya dawa hiyo. Lakini ikiwa chini ya 50, au ikaja na kutaka kuzimia, kuona giza, kifua kubana, kuishiwa pumzi, hapo si suala la kuvumilia, ni hospitali siku hiyohiyo, na akizimia kabisa msikae kumpepea, mkimbizeni.

Sasa kuna hili la ndoto. Huku pwani hili linaleta kasheshe kubwa kuliko mnavyodhani nyie mlioko mjini Dar. Propranololi ina tabia ya kuyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inapenya kirahisi mpaka kwenye ubongo, na baadhi ya watu inawaletea ndoto za kutisha, ndoto ndefu zenye rangi, anakimbizwa, anaongea na marehemu, anaamka usiku wa manane jasho linamtoka. Hajaambiwa na mtu kwamba dawa inaweza kufanya hivyo, atafikiria nini? Atasema ni jini, atasema shemeji kamroga, ataanza kuhangaika na kombe na mafusho na pesa zinamtoka, na mimi sina ugomvi na anayesomewa dua, dua ni kitu kizuri, lakini wakati anasomewa angemwambia pia daktari kwamba hizi ndoto zimeanza baada ya kuanza kidonge. Alinijia bibi mmoja dirishani, mtu wa heshima zake, akaninong'oneza, "Mwanangu, toka nianze hii dawa wazee wangu waliokufa hawaniachi, kila usiku wapo." Nikamwambia bibi shikamoo, kwanza hao wazee hawana ubaya na wewe, pili mwambie daktari maneno hayohayo ulivyoniambia mimi. Alibadilishiwa tu. Atenololi kwa mfano inayeyuka kwenye maji si kwenye mafuta, haipendi kwenda ubongoni sana, kwa hiyo mambo ya ndoto huwa ni kidogo. Kwa mwingine hata kubadilishwa saa ya kumeza, itoke usiku iende asubuhi, kunasaidia. Ila abadilishe daktari, usijibadilishie mwenyewe kwa kuazima vidonge vya jirani.

Mikono na miguu ya baridi nipite haraka, ni damu kupungua kidogo kwenye ncha za vidole, watu wa Lushoto na Mufindi wataisikia zaidi kuliko sisi wa joto, vaa soksi. Ila kama vidole vinageuka rangi kuwa vyeupe au vya bluu, au ukitembea kidogo mashavu ya miguu yanauma mpaka usimame, sema hospitali. Uzito nao unaweza kuongezeka kilo moja mbili hivi, si jambo la kutisha, ingawa mwenye moyo uliotanuka kwake uzito una maana nyingine kabisa na nitaisema hapo mbele.

Haya, tufike kwenye lile ambalo wanaume hawalisemi. Nguvu za kiume. Mhariri naomba usilikate hili kwa kuona haya, mana hapa ndo vidonge vinapotupwa chooni. Mwanaume hatakwambia ameacha dawa kwa sababu hiyo, atakwambia imeisha, atakwambia amesafiri, atakwambia anajisikia amepona. Mkewe ndo anajua. Ni kweli dawa hizi zinaweza kupunguza nguvu, na zile tafiti nilizozitaja zilikuta ni kama watu 5 wa ziada katika 1,000 kwa mwaka, yaani kidogo sana kuliko inavyosemwa vijiweni. Lakini kuna utafiti mwingine wa Waitaliano, ulitoka mwaka 2003, huo ndo umenikaa kichwani. Walichukua wanaume 96 wenye matatizo ya moyo ambao mambo yao ya chumbani yalikuwa sawa, wote wakapewa atenololi ileile. Kundi la kwanza hawakuambiwa wamepewa dawa gani, la pili wakatajiwa jina tu, la tatu wakatajiwa jina na kuambiwa kwamba inaweza kuleta upungufu wa nguvu. Baada ya muda, kundi la kwanza waliolalamika ni kama 3 katika 100, la pili kama 16, la tatu 31. Dawa ileile! Halafu wale waliolalamika wakapewa wengine kidonge halisi cha nguvu, wengine kidonge cha bure kisicho na kitu, na vyote viwili vikafanya kazi karibu sawasawa.

Hapo mtu atanigeuzia kibao aniambie, sasa wewe si umesema watu waambiwe, na huu utafiti unasema ukimwambia ndo unamharibia? Nimelifikiria sana hilo na jibu langu ni hili. Huku kwetu hakuna kundi la kwanza. Hakuna mwanaume ambaye hajasikia kwamba dawa za presha zinaua nguvu, ameshaambiwa kwenye kahawa, kwenye bodaboda, kwa fundi wa kushona, kila mahali isipokuwa pale anapochukulia dawa. Yaani ameshaambiwa vibaya, kwa hiyo kunyamaza kwetu dirishani hakumkingi na kitu. Mwambie kwa namna nyingine, mwambie wengi haiwapati, mwambie hofu yenyewe inatosha kukuangusha, mwambie presha na sukari zisipotibiwa zenyewe ndo zinaharibu mishipa ya huko, na mwambie ikikupata njoo tuzungumze kuna dawa mbadala, kwa mfano nebivololi inasemekana haina usumbufu sana upande huo. Mwanaume akijua kuna mlango wa kurudia haruki dirishani.

Na kwa kuwa hamjaambiana hayo, anachofanya ni kwenda kutafuta vumbi la Kongo na vichupa vya mitishamba visivyo na maandishi. Jamani. Baadhi ya hizo zinazoitwa za asili duniani kote zimekutwa zimechanganywa na dawa ya hospitali ileile ya kuongeza nguvu kwa siri, na mgonjwa wa moyo mwenye kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana akichanganya hivyo viwili presha yake inaweza kuporomoka mpaka asiamke. Anayetaka msaada wa upande huo amwone daktari aliyempa dawa ya moyo, si mwingine.

Nimefika penyewe: kuacha ghafla. Ukimeza beta-bloka kwa muda, mwili nao haulali, unaona adrenalini haipati pa kukaa, basi unaongeza siti. Siku ukiacha kumeza kwa mkupuo, siti zote za zamani na zile mpya ziko wazi, adrenalini inaingia kwa kishindo, moyo unakwenda mbio kuliko hata kabla hujaanza dawa, presha inaruka, na kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba hilo linaweza kuwa shambulio la moyo. Hilo si la kunong'onezana, Marekani wameliandika kwenye vipeperushi vya baadhi ya dawa hizi ndani ya boksi jeusi, lile onyo la juu kabisa. Anayetakiwa kuacha anapunguziwa polepole, wiki moja mbili au zaidi, kwa maelekezo ya daktari, na asifanye kazi ngumu siku hizo. Sasa nikumbuke sababu ambazo watu wananiambia wameachia. Bima imesumbua. Foleni ya kliniki. Kasafiri kwenda msibani Handeni dawa ameziacha nyumbani na msiba ukawa mrefu. Presha ilipimwa ikawa nzuri akajua amepona. Mwingine kaambiwa kwenye maombi atupe dawa. Mwingine anafanyiwa operesheni ya hernia akaambiwa asile wala asinywe kitu, akaelewa na dawa ya moyo asimeze, na hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani. Kila mmoja ana sababu yenye akili ukimsikiliza, kinachokosekana ni yule wa kumwambia kwamba hii si kama panadoli. Wekeni vidonge vya akiba vya siku kadhaa kwenye pochi au mkoba wa safari, na ukisahau kimoja meza ukikumbuka, ila kama saa ya kingine imekaribia ruka, usimeze viwili kwa pamoja.

Wenye pumu, hapa simung'unyi maneno. Propranololi hasa haichagui, inafunga kwenye moyo na inafunga kwenye mapafu, njia za hewa zinabana, na ile pampu ya bluu ya kuvuta inaweza isikusaidie kama ulivyozoea. Mwenye pumu aseme ana pumu kabla hajaandikiwa, hata kama ilimshika utotoni tu akasahau. Na kuna kitu watu hawakijui kabisa, matone ya macho ya presha ya jicho yanayoitwa timololi nayo ni beta-bloka, yanaingia kwenye damu kupitia pua na koo, yameshawabana vifua watu waliokuwa hawajameza kidonge hata kimoja. Mzee anakwenda kliniki ya macho anapewa matone, kliniki ya moyo anapewa bisoprololi, huku hawajui ya kule, mapigo yanashuka mpaka 40 kila mtu anashangaa. Bebeni dawa zote kwenye mfuko mmoja kila mnapokwenda, matone na mitishamba na kila kitu, mmwage mezani kwa daktari.

Wa kisukari nao wanisikilize, hasa mfungo ukikaribia. Sukari ikishuka mwili unakupa ishara, unatetemeka, moyo unadunda. Dawa hii inazizima ishara hizo mbili, inakuachia jasho na njaa na kuchanganyikiwa. Kwa hiyo mtu amefunga, anatumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari, saa tisa alasiri anatokwa na jasho la baridi, moyo umetulia tuli, anasema ni joto la Tanga tu. Si joto, pima sukari, na ikiwa imeshuka fungua, Mungu mwenyewe ameruhusu mgonjwa. Anayemeza mara mbili kwa siku kama kavediloli azungumze na daktari mapema kuhusu futari na daku, na hiyo kavediloli imezwe pamoja na chakula, inapunguza kizunguzungu.

Sasa wale wa moyo uliotanuka, ambao mimi ni mmoja wao. Sisi dawa hii kwetu si ya kupunguza presha tu, ni ya kurefusha maisha, na ajabu yake ni kwamba mwanzoni inaweza kukufanya ujisikie vibaya zaidi. Ndo mana tunaanzishwa na kipande kidogo kweli, bisoprololi miligramu 1.25, inapandishwa polepole kila baada ya wiki kadhaa mpaka 10 ukiweza. Mtu asiyeambiwa anaona mwezi wa kwanza amezidi kuchoka, anasema dawa imemkataa. Lakini mwaka 1999 ulitoka utafiti mkubwa wa Ulaya wa bisoprololi, wagonjwa 2,647, waliomeza walikufa 11.8 katika kila 100 na wale wa kidonge cha bure 17.3, tofauti ikawa kubwa mpaka utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Na huku Afrika ugonjwa huu hautungoji uzeeni, uchunguzi wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9, Kenya na Uganda zikiwemo, uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha wastani wa umri wa waliolazwa kwa moyo kushindwa ni miaka 52, na chanzo kikubwa ni presha. Miaka 52 mtu bado ana watoto shuleni. Kwa hiyo sisi tuna kazi ya kujipima kilo kila asubuhi kabla ya chai, na zikiongezeka zaidi ya 2 ndani ya siku 3, au miguu ikavimba, au ukalala unahitaji mito ya kuongeza ili upumue, hayo ni maji yanajaa, rudi kliniki usisubiri tarehe yako.

Kwa mwenye presha tu bila tatizo lingine la moyo, mambo ni tofauti na hapa nawasema kidogo na watoaji huduma. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2021 wa presha dawa za kuanzia lilizozitaja ni za kukojoza maji za aina ya thiazaidi, zile za jamii ya kaptoprili na losatani, na za jamii ya amlodipini. Beta-bloka haimo kwenye hizo za mwanzo. Na kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilohilo atenololi imewekewa angalizo isiwe chaguo la kwanza la presha ya kawaida kwa wenye zaidi ya miaka 60. Lakini bado nawaona wazee wa miaka 70 na zaidi wanaburuzwa na atenololi waliyoandikiwa zamani hizo, hakuna aliyewahi kuwauliza tena, cheti kinajazwa tu rudia rudia. Simwambii yeyote aache, nimeshasema kuacha ghafla ni hatari, nasema mzee aulize kwa adabu tu, "Daktari, bado naihitaji hii au ipo inayonifaa zaidi?" Swali hilo halina kosa. Mjamzito au anayetarajia mimba naye aulize mapema, atenololi haifai ujauzito, inaweza kumdumaza mtoto tumboni, na zipo nyingine wanazotumia kina mama.

Mchanganyiko wa dawa nao, mawili matatu tu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni tunazozimeza kama njugu zinapunguza nguvu ya dawa za presha. Verapamili, dawa nyingine ya moyo na presha, pamoja na beta-bloka zinaweza kuzima umeme wa moyo. Na hili la kwetu hasa, anayetumia metoprololi akipata malaria aseme kabla hajapewa dawa mseto, mana lumefantrini iliyomo inazuia ini kuiondoa metoprololi na inaweza kurundikana mwilini. Malaria lazima itibiwe, ila anayekutibu ajue.

Sasa kwa nini hayo yote hayasemwi? Mimi nilikuwa huko ndani, naijua sababu. Boksi linakuja na karatasi yake ya maelezo imekunjwakunjwa, ya Kiingereza, herufi kama mchanga, na ni moja kwa vidonge vya watu kadhaa. Vidonge vinakatwa vinatiwa kwenye kibahasha, juu kinaandikwa 1x1, karatasi inabaki kwenye boksi na jioni inakwenda jalalani. Huko nje foleni imefika getini, mtoa dawa yuko peke yake, na mama wa nyuma anagonga kioo. Siwalaumu vijana walioko pale, lakini kibahasha kina upande wa nyuma mtupu kabisa! Muhuri mmoja wa mpira wenye mistari mitatu ya Kiswahili ungetosha: USIACHE GHAFLA. UNA PUMU AU SUKARI? SEMA. MAPIGO CHINI YA 50 AU KUTAKA KUZIMIA, RUDI. Muhuri wa mpira unachongwa barabarani siku hiyohiyo kwa bei ya nyama kilo. Mwenye duka la dawa anayesoma hapa anaweza kuanza kesho bila kungoja waraka wa wizara.

Na ukiona dawa imekufanyia kitu kisichoeleweka, mwambie mhudumu ajaze fomu ya taarifa za maudhi ya dawa ipelekwe TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hizo fomu zipo, shida ni kwamba hazijazwi.

Mhariri, najua barua imekuwa ndefu na nafasi yenu ni ndogo. Mkibanwa kateni Mkorea na medali zake, kateni na Mskoti, hata soksi za Lushoto kateni. Pale kwenye kuacha ghafla, pumu, na wanaume, naomba pabaki kama nilivyoandika.

Wenu,
Mtoa dawa mstaafu,
Ngamiani, Tanga